Pikipiki Isiyo na Mlio

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Kwihara tu wazima. Mjomba wako amemaliza kuvuna karanga, na goti langu linanisumbua kama kawaida yake.

Unauliza kwa nini wazee wamekataa kutia sahihi barua ya kuunga mkono mradi wako wa pikipiki za umeme, na wafadhili hawatoi fedha bila barua hiyo. Umeme hawauogopi, mama. Ile pikipiki uliyokuja kuijaribu iliwatokea nyuma ikawapita bila mlio.

Katika njia hii ya zamani ya misafara ya pembe na watumwa, anayekuja nyuma ya mwenzake hukohoa mapema. Nilipokuwa msichana nilikuwa napeleka asali mjini, mtaa wa Ng'ambo, mchana wa jua kali, nikahisi watu wengi wananipita. Harufu ya jasho ilinijia na vumbi likatimka, lakini sikusikia hatua hata moja. Nikasogea pembeni, nikatua debe langu, nikasubiri. Vumbi lilipotulia sikumwona mtu. Mchangani palikuwa na nyayo za miguu mitupu, nyingi mno, zote zikielekea pwani.

Basi kwenye maombi yako ya fedha ongeza kengele kwa kila pikipiki, kisha urudi kwa wazee. Nadhani watatia sahihi.

Nawe ukipita pale, ipige hata kama njia ni tupu. Huenda na wao wanataka kujua kwamba anayekuja nyuma yao yu hai.

Bibi yako