Namba Haiolewi

Rangwi, Juni 1974

Kaka Cosmas,

Shikamoo. Mama hajambo, na maharage yamestawi. Huko Amani chai inaendeleaje?

Hapa zahanati tulikuwa tunapanga kadi za wagonjwa kwa majina. Wajukuu wanarithi majina ya bibi zao, na juzi nusura mtoto Efrazia adungwe sindano ya bibi yake. Sasa kila mgonjwa nampa namba.

Mwenyekiti wa kijiji alinuna. "Watu si ng'ombe, Jenoveva."

Nikamwambia namba hairithiwi, haiolewi, wala haibadiliki. Sirudi nyuma.

Kadi yangu ni namba kumi na nne. Jumamosi namwacha mume wangu Sefania, narudi kwa Mama. Usije kutusuluhisha. Jina lake nimeshalikata kwenye kadi yangu na kurudisha la Baba, namba imebaki.

Mdogo wako,
Jenoveva Januari