Maji Niliyokumwagia Bwawani

Kaka Tadei mpendwa,

Huna anwani tena, kwa hiyo nakuandikia wazi, atakayesoma na asome. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu. Wewe uliyelijua pamoja nami ulitangulia, na kusema kweli kuna siku nakukasirikia kwa hilo.

Unaikumbuka Mbeya? Ulikuwa seremala karibu na soko, nami nimekuja kukupikia. Ugali wangu ulikuwa na mabonge, lakini uliula wote, ila uliniuliza kama nausonga kwa nyundo. Kila Jumamosi mchana ulinipeleka sinema. Wenzetu walipenda picha za farasi na bastola. Sisi tulikuwa watu wa yule Mzungu aliyezamishwa ziwani na ndugu zake, wakamzika kandokando ya maji, na katika kila picha akatoka kaburini amelowa chapachapa kuwatafuta. Jina lake la Kizungu halikumkaa mtu mdomoni. Mji mzima tulimwita Marehemu.

Tuliona picha zake tano. Ya kwanza ilininyima usingizi wiki nzima, ukalazimika kulala mlangoni kwangu kama mbwa wa mlinzi. Ya tano ilikuwa mbovu hata watoto walipiga miluzi. Tukiwa njiani kurudi ulisema, "Hawa wameishiwa. Si wamwache tu mtu wa watu alale?" Nilidhani ndiyo mwisho wake.

Baba alipofariki tulirudi nyumbani, na wewe ukapata kazi kwenye kiwanda cha mbao upande wa Mafinga. Msimu wa ukungu wakaja watu saba na lori moja, wakapiga mahema karibu na bwawa. Walikuwa wanatengeneza picha ya sita ya Marehemu. Fedha zilikuwa zimewaishia na Ulaya kwenyewe ni ghali, basi wakaona ukungu wetu na misonobari yetu vitatosha. Hata Marehemu mwenyewe hakuja. Alikuwa mzee, mgonjwa, hawezi safari. Uso wake wangeukata kutoka kwenye picha za zamani. Walichokosa ni mgongo na mabega ya mtu mrefu, nao wakayaona yako pale kiwandani umebeba mbao.

Ulikuja nyumbani ukasimama mlangoni. "Agata, Marehemu ni mimi." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mama hakucheka. Alikuuliza jambo moja tu: "Na hilo kaburi wamelichimba kweli?" Ukamwambia umelichimba wewe mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi uliyopewa kwanza. Akasema, "Shimo la kaburi halilalagi tupu, mwanangu. Linatafutaga mtu." Ukabisha kidogo, mama akakukazia macho, ukakubali. Kuanzia jioni hiyo, watu wa picha wakishafunga kazi, yeye na wewe mlikwenda na gogo, mkalilaza shimoni kama maiti, mkafukia juu kidogo. Asubuhi wale wanalitoa wakicheka, jioni mnalirudisha. Siku tatu mfululizo.

Kazi yangu niliiomba mwenyewe, hakuna aliyenituma, na mama hatukumwambia. Marehemu lazima atoke kaburini amelowa, na wao hawakuwa na mtambo wa kutengeneza mvua, walikuwa na debe tu. Mpishi wao ndiye aliyekuwa akikumwagia maji ya bwawa, nikamwambia bwana mkubwa wa picha kwamba huyu ni kaka yangu, nimwagie mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, si mtoto. Nilitaka tu niwe karibu na Marehemu wetu. Walikupaka chokaa mikononi na shingoni, ukajilaza shimoni kifudifudi, nami nikasimama pembeni na debe mpaka bwana anyanyue mkono.

Siku ya nne ilikuwa ya mwisho, na ukungu ulikuwa mzito. Walirudia mara nyingi, kwa kuwa kila mara kitu kiliharibika, mara taa, mara mashine. Ulikuwa umeanza kukohoa tangu alfajiri. Ukageuza shingo ukaniambia polepole, "Agata, punguza maji. Baridi hii inaniingia kifuani."

Nikakujibu, "Marehemu hasikii baridi." Nikamwaga debe zima.

Ulicheka, Tadei. Mabega yalitikisika kwa kucheka, nikafurahi kwamba nimekuchekesha. Nakuandikia ili ujue kwamba hakuna siku ninayopitisha bila kuyasikia maneno yale yakitoka mdomoni mwangu.

Mama hakuwepo siku hiyo. Alikuwa ameitwa kwenye msiba Nyololo, akalala huko. Jioni wewe ulikwenda moja kwa moja kitandani ukitetemeka, nami sikulikumbuka gogo. Watu wa picha walifungasha vitu vyao wakaondoka, kaburi likabaki wazi.

Mama aliporudi alikukuta homa imepanda. Akakugusa kifua, akaniuliza imekuwaje. Nikasema, "Ni ukungu tu, mama." Ulikuwa umefumbua macho. Ulinitazama, ukayafumba tena. Sijui mpaka leo kama ulikuwa unanifichia siri au ulikuwa umechoka.

Kichomi kilikumaliza kabla wiki ya pili haijaisha. Mama alikwenda bwawani akalikuta shimo likiwa wazi, akarudi ameshika kichwa. "Ni mimi," aliwaambia wote waliokuja matangani. "Nimekwenda kumzika wa wenzangu, nimemwacha wangu mbele ya shimo tupu." Wakamwambia ni mapenzi ya Mungu. Nami nikawaambia hivyohivyo. Kaka, nilikaa na mama miaka miwili, nikamwona akikonda, akiamka kwenda kaburini kwako kukuomba radhi kwa gogo ambalo hakulilaza, na nilijua la kumwambia. Nikasonga ugali, nikafagia uwanja, nikanyamaza. Ukweli ni kwamba lile gogo lilinifaa. Mama akijilaumu, hakuna aliyeniuliza mimi.

Halafu tukasikia picha imeletwa Iringa. Nilimwambia mama haina maana, uso wenyewe si wako. Akasema, "Sina hata kipande cha picha yake. Mgongo nitautambua, niliubeba mimi kabla haujabeba mbao." Tukapanda lori la mbao mpaka mjini, tukaingia Jumamosi mchana, mama na blanketi lake mabegani.

Ungeicheka ile picha. Marehemu anageuka ana uso wa ujana wa picha ya pili, akipiga hatua moja anakuwa na mgongo wako. Watu walizomea. Mmoja nyuma yetu alipaza sauti, "Jamani huyu amestaafu, mlipeni kiinua mgongo!" Ukumbi ukacheka. Mama aliinama mbele kila mgongo ulipotokea, na kila mara alinibana goti. Alikuwa anatabasamu, Tadei. Sikuwa nimemwona hivyo tangu ufe.

Likaja kaburi. Ukungu, misonobari, udongo, nawe umelala. Maji yakakumiminikia mgongoni. Ukaanza kuinuka, na mabega yako yakawa yanatetemeka, si kwa kucheka. Nilikuwa nimejidanganya miaka yote miwili. Ulitetemeka tangu mwanzo, na maji yakaja tena, na tena, maana walikuwa wamebandika vipande vyote ili picha irefuke. Mama akanong'ona, "Anasikia baridi. Nani anamfanyia hivi mwanangu?"

Nikasema, "Sijui mama. Mimi sikuwepo."

Watu wenye fedha wangekikata kipande kilichofuata. Wale saba hawakuwa na kingine. Pembeni, juu ya kichwa chako, ukaingia mkono wa msichana umeshika debe. Ukumbi mzima ukalipuka kwa kicheko: Marehemu anaogeshwa! Mkono ulibaki pale, mkubwa kama mlango, wazi kuanzia kiwiko, na kovu lote la uji ulioniunguza nilipokuwa natambaa. Mama ndiye aliyeliuguza kovu lile kwa majani na mate yake, siku na siku.

Hakuniuliza. Alikitoa kiganja chake gotini kwangu, akakiweka juu ya goti lake. Tulikaa hivyo mpaka mwisho.

Kwenye lori alikaa mbele na dereva. Nyumbani nilipiga magoti nikamweleza yote, debe, maneno yangu, uongo wangu, nikalia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Haya, nimesikia. Inuka uangalie moto." Hakunipiga, hakunifukuza. Haendi tena kukuomba radhi, na usiku namsikia akipumua vizuri. Ningetakiwa nishukuru.

Ila tangu siku ile hajanywa maji niliyoteka mimi. Nikijaza mtungi unakaa palepale mpaka nimwage. Anashuka mwenyewe mtoni, kwa magoti yale yale mabovu unayoyajua.

Sikuombi unitetee. Kama ulinifichia siku ile, haikutufaa sote watatu. Nakupenda, kaka, na nimekukosea, na nayasema yote mawili kwa pamoja kwa sababu sijaweza kuyatenganisha. Lala salama huko, wasikuamshe tena.

Jana mvua ilikuwa imefanya kilima kiteleze. Nilimwona mama anapanda na mtungi kichwani, amesimama mara tatu kuvuta pumzi. Nikashuka mbio, nikanyoosha mikono nimpokee. Akaushika mtungi kwa mikono yote miwili, akanipita.

Ni mimi mdogo wako,
Agata