Kabichi Anazozimenya Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi.

Mpendwa wifi yangu,

Kifaranga wangu amenijia sasa hivi na jani la kabichi kichwani, kubwa kuliko uso wake, maji yanamchuruzika mpaka puani. Amesimama mbele yangu, akaniamkia shikamoo kama mgeni, kisha akajicheka mwenyewe mpaka akakaa chini. Nimemvua, kalichukua tena, katoka mbio. Kwa hiyo ukiona karatasi ina tone hapo juu, si machozi. Ni kabichi.

Habari za huko, wifi? Hujambo? Mgongo umepata nafuu? Na shemeji je, zile zamu za usiku bado zinamkondesha? Sisi hapa tunapumua, tunashukuru. Kifaranga anakula vizuri na anaongea kupita kiasi. Mdogo wako, mume wangu, anakwenda kazini na kurudi. Mimi tumbo limeanza kuwa zito, mtoto wa pili yuko njiani, nilitaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa watu. Nimeanza na wazima kwa sababu habari ya mama sijui niishike wapi.

Kwenye simu huwa unaniuliza, "Mama hajambo?" nami nakujibu, "Hajambo kidogo." Nyumba yetu unaijua, ukuta wake ni kama pazia, kila nikitaka kusema zaidi kuna mtu upande wa pili. Ndiyo maana naandika. Dereva wa lori, jirani yetu, anapita huko kwenu na anaondoka leo jioni. Nitampa.

Wifi, mama amerudi kazini. Miaka ile aliyopika shule ya bweni imemrudia yote, hii ya sasa ndiyo imemtoka. Akiamka anafunga kitambaa kichwani, anatafuta sufuria kubwa, anauliza kuni zimeletwa na nani. Mimi ananiita msaidizi. Juzi kaniambia, "Wewe msaidizi mpya, unatembea kama umebeba mayai. Kengele ikigongwa utawapa watoto nini, vidole vyako?" Nilicheka, Mungu anisamehe, maana ni kweli ndivyo ninavyotembea siku hizi.

Anayeumia ni mdogo wako. Yeye anaitwa mwalimu wa zamu. Alimwambia, "Mama, ni mimi, mwanao." Mama akamtazama juu mpaka chini. "Mwanangu yuko darasani, mwalimu. Usinitanie, nina kazi." Akaficha upawa nyuma ya gauni, akidhani amekuja kukagua.

Sasa bustani. Unajua mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kupunguza majani ya kabichi nilipoolewa, nikiwa sijui hata kichwa cha kabichi kinaanza vipi. Majani ya chini yanayogusa udongo, yale ya njano na yenye matundu, unayavunja kwa mkono. Unalisukuma jani chini mpaka liachie shina lenyewe. Yakiwa na umande huyagusi, kidonda kitaoza. Na yale mapana yanayokumbatia kichwa uyaache, alisema, hayo ndiyo yanayokilisha. Nikafanya hivyo kila wiki, hewa ikapita, konokono wakakosa pa kulala.

Huyo huyo mama sasa anaingia bustanini na kuzimenya zikiwa zimesimama. Anafanya kama kule jikoni shuleni. Anabambua jani la nje, na linalofuata, na linalofuata, mpaka afike kwenye weupe, kisha anahamia nyingine. Shina hakati. Anaziacha pale pale, nyeupe, ndogo kama ngumi, anasema msaidizi atapita na karai kuzichukua. Jua likizipiga zinakuwa kahawia, zinalainika, zinaoza. Harufu inatufuata mpaka chumbani. Mstari wote wa karibu na ukuta umekwenda.

Nikatafuta njia. Nikamwekea kigoda kivulini. Mimi navunja majani ya chini, namletea kwenye karai, yeye anayaosha, anayapanga, anatenga yenye wadudu. Wifi, ilifaa! Anakaa asubuhi nzima ametulia, ananigombeza, ananisimulia mpishi mwenzake aliyeweza kulala usingizi amesimama huku anakoroga. Kifaranga anakaa naye, kapewa cheo cha kuhesabu majani na kuhesabu kwenyewe hajui. Siku hizo nilidhani tumevuka.

Halafu ikatokea ya Alhamisi. Nilikwenda bombani, si mbali. Mama akawa na kisu, nadhani alikuwa amekificha chini ya godoro. Akaingia kwenye kabichi, na Kifaranga akamshikia jani kama anavyonishikia mimi. Kisu kikapita kwenye kidole gumba cha mtoto. Niliposikia kile kilio niliiacha ndoo imelala. Nikamkuta mama amempakata, amevua kitambaa chake cha kichwani anamfunga nacho, anampulizia. Alifunga vizuri kuliko nesi. Lakini damu ilipokata, akainuka akarudi kwenye kabichi.

Nesi alimshona, akaniuliza nilikuwa natazama wapi. Kidole kitapona, usihofu. Kifaranga anakiita mtoto wake, anakibembeleza kilale.

Mdogo wako hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa kitandani akasema mama atafungiwa chumba cha uani mchana kutwa, komeo kwa nje. Ijumaa akajaribu kwa kuufunga mlango kwa kamba. Wifi yangu, mama aliupiga ule mlango kwa viganja. Anapiga kelele kwamba chakula kinaungua, watoto watakula makaa, fungueni, fungueni. Alipiga mpaka mikono ikavimba. Na mwanawe amekaa chini nje ya mlango, machozi yanamtiririka, na kamba hagusi. Nikaifungua mimi. Tangu hapo tunasemezana kwa shida.

Simlaumu mdogo wako. Alimwona mwanawe ana damu. Hata mimi, huyu wa tumboni akija sitakuwa na mikono ya kutosha. Lakini nimemwona mama akitulia, nimemwona kwa macho yangu haya. Visu vyote nimevihamishia kwa mshonaji wa jirani, nikitaka kukata kitunguu nakwenda kwake kama mwizi. Nikipata mtu mmoja tu wa kukaa na mama ninapotoka, hakutakuwa na haja ya kumfungia. Mtu huyo ni wewe, wifi. Najua una kazi. Njoo hata kwa muda mfupi. Ikishindikana, mpigie mdogo wako umwambie asifunge. Mimi ananisikia kama redio ya jirani, wewe umemlea, ukisema atatulia.

Zile kabichi zilizobaki zinafunga vichwa vizuri sana. Naamini utazikuta.

Nisalimie shemeji, mwambie namwombea zamu za mchana. Nisalimie mchezaji wako wa mpira na yule mdogo anayenyonya kidole, aache, meno yatatoka nje. Shangazi mwambie dawa ya macho ilifika. Mungu awafunike nyote, awape usingizi mtamu na riziki isiyo na kelele.

Wako akupendaye kama tuliozaliwa tumbo moja,
mke wa mdogo wako, mama Kifaranga.

Wifi, nilishaikunja, nimeifungua tena. Fundi seremala amefika na komeo, nami niliambiwa ni wiki ijayo. Mama anamkaribisha kwa furaha, anamwambia akae, chakula cha mafundi kinaiva sasa hivi. Mdogo wako ananiita nikamshike mama mikono ili fundi atoboe mlango. Naenda. Lakini mikono ya mama siishiki, nitasimama mlangoni mimi na tumbo langu, na nitamwambia mdogo wako mbele ya huyo fundi kwamba mlango hautobolewi mpaka dada yake aje.