Kilio cha Difu

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Vwawa. Tu wazima, bibi yako anaanika kahawa. Umeniuliza kuhusu oili ya difu na transfa, zile gia za chini ya gari lako zinazozungusha magurudumu. Fuata kitabu cha gari, usikubali oili nyepesi kwa kuwa ni ya bei rahisi.

Zamani nilipokuwa nikipeleka abiria Kamsamba, jua likiwaka, difu ilianza kulia kama kichanga. Abiria mmoja, mama aliyetoka kuzika mwanawe mchanga, akasema, "Simama, ananiita." Nikasimama, kukawa kimya. Nikafungua difu, nikakuta oili nyepesi kama maji. Nikaimwaga, nikajaza nzito ya gia niliyonunua Tunduma. Tukaondoka bila kilio.

Mama akanigusa bega. "Dereva, mbona tumemwacha?"

Abiria wote wakageuka kutazama nyuma. Gari nililiponya, mjukuu. Yule mama sikuwa na dawa yake.

Babu yako