Unga wa Mchele Kwenye Chuma cha Mama

Mama,

Bi Sesilia wa Katsepy amefariki. Pengine mmeshaonana huko uliko, na habari unayo. Lakini kuna jambo yeye hakulijua, wala wewe hulijui, na mimi limenikaba wiki ya tano sasa. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, natafuta ufagio, nafagia ua nilioufagia asubuhi. Bi Mariama jirani ameniambia nitaumaliza mchanga wote wa mtaa wa Mangarivotra.

Nakuandikia kwa lugha ya nyumbani, ile uliyoirithi kwa bibi, maana tangu uondoke sina wa kuongea naye. Mtaani ni Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na Bi Mariama na Kingazija chake tunaelewana nusu, nusu nyingine tunamalizia kwa mikono. Mtu akiiokota barua hii hataisoma. Afadhali.

Nianze na parokia, ulikuwa hulali bila kujua habari zake. Ulituacha na mapadre watatu. Wawili wamerudi kwao Ufaransa, mmoja kwa ugonjwa, mwingine kwa uzee, na tangu bendera yetu ipandishwe hawajaletwa wengine. Amebaki Padre Anselmi peke yake, yule uliyeendelea kumwita "mtoto wetu" hata baada ya kupata upadre. Ana kanisa letu, ana Katsepy ng'ambo ya ghuba, ana vigango vinne vya bara, kila kimoja na kanisa lake dogo. Katsepy anafika Jumapili moja kwa mwezi. Jumapili nyingine katekista anaongoza sala, watu wanaimba, wanarudi makwao bila komunyo. Kalisi nzuri inasafiri kwenye sanduku la bati pamoja na kanzu za misa. Likiwa huku, kule hakuna kitu. Hata kinanda tunaazimana. Kilirudi kutoka Katsepy kina mchanga ndani, na kwaya yetu mpaka leo haijawasamehe.

Ndipo likaja suala la hostia, ule mkate wa komunyo. Padre alisema masista wa hapa mjini wataoka kwa ajili ya makanisa yote sita, na unga wote wa ngano utapelekwa kwao, kwa kuwa unaletwa na meli na siku hizi unachelewa. Chuma chao cha kuokea kilikuwa kimevunjika mpini. Kwa hiyo akaja kuomba chako. Aliomba kwa adabu, Mama, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nikakataa. Nikamwambia masista wa Nosy Be walikukabidhi wewe ulipokuwa msichana, ukakipakata kwenye boti njia nzima hadi Mahajanga, na hakitoki nyumba hii. Hayo ni kweli, ila si yote. Kile chuma kikiwa jikoni, nilikuwa bado nina wewe. Ningekitoa, ningebaki na masufuria.

Padre hakunibishia. Akasema basi masista watajikongoja na chuma chao kibovu, nami nioke hostia za Katsepy peke yake, na nikiishiwa unga nikachukue kwa masista. Debe lako la unga lilikuwa linakaribia kuisha. Kwa masista sikwenda. Ningeendaje kuomba unga kwa watu niliowanyima chuma? Ule ukaidi uliokuwa ukinigombeza nao, bado ninao wote.

Jumamosi ikafika, kesho yake Padre anavuka kwenda Katsepy, na unga hautoshi. Bi Mariama alikuwa uani anachekecha unga wa mchele wa vitumbua vyake vya kuuza. Aliniona nimesimama na bakuli tupu, akanijazia bila kuuliza. Yeye hana kosa.

Nilijua, Mama. Hilo ndilo linaloniwasha. Nilikusikia kabisa, vile ulivyosema kila Jumamosi ukipaka nta kwenye chuma: "Ngano na maji. Cha tatu ni mkono tu." Nimeyasikia maneno hayo tangu sijafika urefu wa meza. Nikajiambia mchele nao ni nafaka, ndio chakula chetu, na Mungu anajua watu wa huku wanakula nini. Nikachanganya nusu kwa nusu. Zikatoka nyembamba, nyeupe kuliko zako, msalaba umejichora vizuri katikati. Vile vipande vya pembeni vinavyobaki baada ya kukata, ulivyokuwa ukiwagawia watoto wa mtaa, nilivichoma motoni. Hapo tu ningetambua kwamba nilikuwa naficha.

Asubuhi tukavuka, mimi nimepakata kopo la hostia. Ningeweza kusema kwenye kivuko. Ningeweza kusema mlangoni pa kanisa, watu wakiwa wamevaa nguo zao nzuri baada ya kungoja mwezi mzima. Kadiri nilivyowatazama ndivyo mdomo ulivyozidi kuwa mzito.

Baada ya misa Padre alimpelekea Bi Sesilia komunyo kitandani, mimi nimeshika mshumaa. Rafiki yako alikuwa amebaki mifupa na macho. Akapokea, akafumba macho muda mrefu. Kisha akanishika kiganja akaniambia, "Mkono wa mama yako haujapotea."

Nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Kutoka hapo Padre akaendelea bara, sanduku la bati likiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Wiki mbili. Zamani ningekimbilia kwa padre mwingine jioni ileile, mambo yakaisha. Sasa mwingine ni nani? Kila siku nilishuka kivukoni kuulizia, hadi wapakiaji wakaanza kunitania kwamba namsubiri mchumba. Chakula kilinishinda. Kila aliyetoka Katsepy nilimuuliza hali ya Bi Sesilia, wakanijibu yupo, anashuka taratibu. Nikajaribu kumwandikia Padre, nikachana karatasi. Barua ingempata wapi, na nani angeisoma kabla yake?

Siku aliyorudi sikungoja hata akae. Nilimwambia kwenye mlango wa sakristia, miguu yake ina vumbi. Alikaa juu ya lile sanduku, akanisikiliza mpaka mwisho. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika. Akaniambia nusu mchele si mkate wa altare, na kwamba watu wale wamekula vitumbua vyangu wakidhani ni Bwana. Halafu akanywa maji, akaenda kwa masista kuchukua hostia zilizokwisha kubarikiwa, akageuza njia hiyohiyo kurudi kivukoni. Hakuniita, nami nikamfuata.

Tulichelewa kwa siku moja. Bi Sesilia alikuwa amezikwa jana yake, katekista ndiye aliyesoma sala za kaburini. Wanawake walikuwa wanaosha masufuria ya matanga. Walitupokea vizuri mno, wakamshukuru Padre kwa kuwa alimwahi mgonjwa mwezi ule na komunyo, kwamba aliondoka ametulia. Walinishukuru na mimi.

Wakati wa kurudi, katikati ya ghuba, Padre aligeuka akanitazama. Kisha akasema, "Mungu hafungwi na unga wetu, Felisita. Sisi ndio tunaofungwa." Nimeyashika maneno hayo, Mama, naamini ni ya kweli. Hayajanituliza. Bi Sesilia kwa Mungu simwogopei. Naogopea kile kiganja chake kwenye changu.

Kuhusu chuma Padre hakusema tena neno. Angeniomba, ningepata sababu ya kumkasirikia. Jumatatu nikakifunga kwenye leso yako ya bluu nikakipeleka mwenyewe kwa masista. Wanawake wenye elimu zao, na walikuwa wanapaka chuma chao mafuta ya kula, hostia zinatoka njano. Nikawaonyesha nta. Nikawaonyesha kuzifunika kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kukata. Yule sista kijana anauliza sana, ungempenda, na angekuchosha. Sasa kila Jumatano naenda kuoka nao hostia za makanisa yote sita. Nikirudi nyumbani, pale kilipokuwa kikining'inia pamebaki msumari. Natundika kitu, natundua.

Padre anasema hakuna ulazima wa kuwaambia watu wa Katsepy, kwamba amekwisha kuwasomea misa nyingine na inatosha. Kwake inatosha. Mimi Jumapili yao ijayo nitavuka, na baada ya misa nitasimama mbele yao, mbele ya watoto wa Bi Sesilia, niwaambie nilichofanya na kwa nini. Wakinifukuza, nitarudi na kivuko cha mchana. Nakuahidi hilo, na ahadi hii sitaichanganya na kitu.

Pumzika, Mama. Mimi bado nafagia. Ila kabla hujapumzika, nifanyie moja nisiloweza kulifanya mwenyewe. Mtafute rafiki yako. Atakuwa anakusifia, unamjua alivyo. Mkatize. Mwambie ule aliouonja siku ile haukuwa mkono wako, ulikuwa wangu.

Mwanao,
Felisita