Kitabu ya Saa ya Papa Kasonde

Siku ya Mungu, 8/6/2025

Binti yangu Léa alinipatia hii kaye ya kuandika. Anasema: papa, uandike kiloko kila siku, mukono izobelee. Ju sasa sheria ya inchi inataka kila shofere wa kamiyo aandike saa zake mu kitabu — ya kuendesha, ya kulala. Miye! Miaka makumi ine mu volanti! Bale balioandika sheria, balishashusha shaba mu mulima ya Kambove? Hapana!

Kuandika inaumiza vidole. Basi leo nilijaza kitabu ya saa ya juma nzima inayokuja. Mpaka siku ya sita! Akili iko.

Siku ya kwanza, 9/6

Kutoka kampuni, ku Bel-Air, mpaka Kambove, kurudia. Tena Kambove. Polisi aliona kitabu: muzuri, papa, pita! Mwaba, chef wetu ku kampuni, alifurahi.

Siku ya pili, 10/6

Tena.

Siku ya tatu, 11/6

Balinisimamisha ku barriere. Inspectrice mumoja, Brigitte, kijana. Alisoma kitabu ya saa. Alisoma tena. Akacheka mpaka akashika mulango ya kamiyo. "Papa Kasonde, leo siku ya tatu. Hapa ulishalala Kambove siku ya tano. Ndoto ilikuwa muzuri?"

Clément, shofere wa nyuma yangu, akapaza sauti: "Nabii! Tuambie mpira ya siku ya Mungu, nani atashinda!"

Nikamwambia Brigitte: binti, nilianza kuendesha mbele mama yako hajajua baba yako. Akasema: njo maana umechoka, papa.

Akakamata permi yangu ya kuendesha. Permi! Bila ile, niko sentinele wa kufungua mulango ya kampuni. Akauliza: ulilala lini, ya kweli? Sijui nini ilinipata. Nikasema: tangu siku ya kwanza, hapana.

Akaandika kosa ku jina ya kampuni. Sheria inashika na bakubwa, anasema, Mwaba atakuja kujieleza. Wewe lala hapa masaa munane, kisha nakurudishia permi. Nilimufokea! Kasonde halali mchana kama mutoto mudogo wa maternelle!

Lakini hapa mu kaye hakuna mutu atasoma. Jana asubui, karibu na Kambove, nilifungua macho — kamiyo iko mu nyasi. Mama wa kuuzisha makala alitupa beseni, anakimbia. Sikusimama. Sikuambia mutu. Leo Brigitte aliposema lala, nilitaka kumupa mukono. Asante Mungu, asante!

Midi, saa sita. Mwaba kwa telefone: andika kama ulishalala, kuja mbio, ama Clément atakamata kamiyo yako kesho! Brigitte iko anakula bukari kule. Permi iko pembeni ya sahani yake. Haangalie huku. Hatua kumi, naikamata, naenda.

Nilifuta juma yote mu kitabu. Nikaandika pole pole, herufi kubwa: SIKU YA TATU, MIDI, NALALA.

Telefone inalia tena. Mwaba. Ilie tu. Viatu nilishatoa —