Anayetubebea Maji

Butiama, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, dada Miriamu na mtoto mchanga mko wazima hapo Kisorya. Sisi hatujambo, mahindi yameota vizuri. Simu ya dada haipatikani tangu Jumapili, ndiyo maana nimempa jirani yetu Wanzagi, anayekuja huko, barua hii. Tafadhali uisome yote kabla hujamsikiliza yeye.

Punda wako ni mzima. Naanza na hilo ili moyo wako utulie. Ulipoondoka alikonda mpaka mbavu zikahesabika. Bwana Werema wa mifugo akasema ni minyoo, akanipimia dawa kwenye bomba la sindano. Jumamosi nikamshika kichwa, nikamsukumia nyuma ya ulimi, akameza. Nyingine alinitemea usoni.

Jioni nikakaa zizini kusubiri acheue. Unajua kwetu ng'ombe asipocheua hakuna anayekula kwa raha. Hakucheua. Jumapili asubuhi nikamkuta amesimama tu, mdomo haufanyi kazi. Nikajua nimemuua. Nililia, Mama, na ndevu zangu hizi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukishika ukuta ili uinuke, kiuno kimeisha kwa madumu ya maji, kabla hatujampata huyu punda. Nikaona nimekurudisha kwenye madumu.

Baada ya ibada Bwana Werema akaja, akamtazama, akaniuliza kama huyo punda nilishawahi kumuonaga akicheua hata siku moja. Nikafikiri, nikakuta sijawahi. Akaniambia punda hacheui, hajaumbwa hivyo, kisha akacheka mpaka akakalia ndoo. Miaka minne tunaishi naye, Mama! Jumatatu minyoo ikatoka kwenye kinyesi, na leo amekula mpaka kamba yake.

Sasa kuna jambo ambalo Wanzagi atakuambia nisipokuwahi. Jumapili hiyo, kabla sijaambiwa ukweli, nilisimama kanisani kuomba maombi. Niliona aibu kumtaja punda mbele ya madhabahu, nikasema anayetubebea maji nyumbani yuko mahututi. Mchungaji akainuka, akakuombea wewe kwa jina. Kanisa zima likalia. Nilitaka kusahihisha, machozi yakanikaba, wakazidi kuamini.

Nisamehe. Sikujua kwamba miaka yote ile kabla ya punda watu walikuwa wakikuona na madumu yako. Mimi ndiye niliyekuwa sioni, mpaka nilipodhani punda anakufa.

Nimewaambia umepona, lakini sijapata ujasiri wa kusema mengine. Jumapili hii, siku unayorudi, akina mama watakuja na kuku kumshukuru Mungu. Basi ukishuka kwenye gari ukasikia vigelegele, vipokee, ni vyako tangu zamani. Ila tembea polepole kidogo, Mama. Wanajua ulikuwa mahututi.

Nisalimie dada, umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Chrispin